Nilishika Aproni Yake kwa Nyuma

Kiwandani mimi ndio nilikuwa redio. Supervaiza akiona watu wamenuna, ananiita, "Wewe mdomo, kuja uchangamshe hawa." Naiga vile mkubwa wetu anatembea na tumbo mbele, watu wanacheka, majani chai yanaenda. Hiyo ndiyo dawa ya stresi tulikuwa nayo huko Nyamira. Mimi.

Rafiki yangu, jirani yetu wa Nyaramba, alikuwa kwa mashini ya kukata majani, ile iko na roli za meno. Wenzake waliachishwa kazi, mzigo wao ukamwangukia yeye, shifti juu ya shifti. Akaacha kula. Akaacha kunitukana, na hapo ndio niliogopa. Halafu nikamkuta ameinama, anaangalia roli zikizunguka, mkono uko karibu sana. Nikamvuta.

"Ikinikata," akasema, "angalau nitalala."



Wiki hiyo hiyo tukaletewa kaunsela, mama mpole kutoka Kisii mjini, atuongeleshe juu ya akili na kazi. Tukapangwa uani, supervaiza pembeni amekunja mikono. Mama akatusalimia kwa Kikisii ndio tumzoee. "Bwakire!"

"Buya mono!" Tuko salama sana, wote kwa nguvu. Kwetu salamu haijibiwi na shida. Hata nyumba ikiwa inaungua, wewe uko salama sana.

Akauliza, "Na kazi, inawaendea aje?"

"Buya mono!" Mdomo ulikuwa umeshashika njia. Rafiki yangu pia alijibu, nilimsikia. Mama akatabasamu. "Naona hapa kuko na amani."

Nikainua mkono. "Madam, huyu jamaa halali. Ataingiza mkono kwa mashini."

Watu walianza kucheka hata sijamaliza. Supervaiza akamwambia mama, "Huyo ndiye mchekeshaji wetu." Mama naye akacheka mpaka akapanguza macho.

"Si mchezo, madam! Haki ya Mungu!"

Wakazidi. Machozi yakanitoka, ya ukweli, na mtu huko nyuma akapiga kelele, "Sasa ameongeza na filamu!"

Rafiki yangu peke yake hakucheka. Aliniangalia kama mtu ameachwa na gari stejini.

King'ora kikalia, tukarudi ndani. Nikaacha toroli yangu ya kubeba majani katikati ya njia, nikasimama nyuma ya rafiki yangu kwa mashini yake, nikashika kamba ya aproni yake na kuizungusha kwa ngumi.

"Wewe mdomo! Kazi yako iko wapi?" supervaiza akaita.

"Ndiyo hii."

"Wacha mzaha!"

"Utafutwa, bwana," rafiki yangu akaniambia bila kugeuka.

"Wanifute."

Majani yakarundikana bila wa kuyabeba. Supervaiza akaanza kuja, uso umekunjamana, na wengine tayari wameshaanza kucheka. Mkono wa rafiki yangu ukasonga mbele kidogo.

Nikavuta kamba.