Bili ya Umeme

Nilipokwenda kusoma Ulaya, karani wa benki alikataa kunifungulia akaunti mpaka nilete bili ya umeme yenye jina langu. Nilikuwa na wiki mbili tu nchini kwao, nimepanga chumba kwa watu. Alinirudisha mara tatu, akitabasamu. Tabasamu lile nililiweka moyoni miaka kumi na miwili.

Sasa mimi ni mwenyekiti wa mtaa hapa Tukuyu. Juzi mzungu wa nchi ileile aliingia ofisini kalowa, viatu tope tupu, akitaka barua ya utambulisho ili benki imfungulie akaunti. Nilimpa kiti, nikammiminia chai, nikaweka muhuri mezani, nikamwomba bili ya umeme yenye jina lake.

"Lakini mwenyekiti, hapa umeme tunanunua kwa simu. Bili hakuna."

"Najua," nikamjibu nikitabasamu, nikaurudisha muhuri kwenye droo.