Koti Moja la Wakubwa Wote

"Umeniua, Njuki! Umeniua ukanizika, na mimi bado nakula! Watoto wananikimbia, hata ng'ombe wamekataa nikiwakama!"

Hedimani Rwamba, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali, alikuwa anapiga kelele mbele ya kituo cha homugadi, wale askari wa kijiji wa mkoloni, pale Manyatta, mwaka wa hamsini na nne. Njuki mpiga picha amesimama tu nyuma ya kamera yake, akijiuliza ni lini hedimani aliwahi kukama ng'ombe.

Shida ilikuwa koti. Miaka sita Njuki alikuwa amepiga picha wakubwa wa Embu, tangu atoke kwa Muhindi mmoja wa mjini aliyemfunza kazi. Machifu, walimu, makatekista, na yule golikipa wa Karurumo aliyeringa kuliko machifu: wote walimtaka Njuki. Na wote aliwavalisha koti lake jeusi, kalamu mfukoni, na saa ya mkono iliyokufa zamani. Ndiyo maana wakubwa wote wa Embu walipigwa picha saa nne na dakika kumi, hata wale walikuja jioni. Ukivaa koti la Njuki, umefika.

Sasa asubuhi hiyo polisi walikuwa wamebandika ukutani picha ya kijana anayetafutwa, aliyeingia msituni kupigana na Wazungu, waliyoitoa nyumbani kwa mama yake. Koti ni lile. Kalamu ni ile. Saa nne na dakika kumi. Na kando yake, kwa fremu, picha ya hedimani mwenyewe, koti lile lile.

"Watu wanasema huyu ni ndugu yangu!"

"Hamfanani, mzee," Njuki akasema. "Huyu ana shingo."

Homugadi mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

Hedimani akashusha sauti. Rwamba alikuwa ametoa mfukoni pasi ya Njuki, ile karatasi ya kumruhusu kutembea, aliyomnyang'anya alipofika. Bila hiyo, kizuizi cha kwanza cha askari barabarani kingemmeza, na kazi imekwisha.

"Utaniambia vijana wote wamevaa hiyo koti. Majina yao, na ya baba zao. Halafu nikupatie pasi yako uende."

Njuki aliwajua wote. Aliwafunga vifungo kwa mikono yake, akawapangusa vumbi mabegani, akawakataza kucheka. Wengine hata ndevu walikuwa hawajaota.

"Njuki! Nauliza, nani wamevaa?"

Njuki akakunja miguu mitatu ya kamera, akaifunga kwa kamba, akaitupa begani. Akashika barabara ya Embu, na pasi imebaki mkononi mwa hedimani.