Sinia Moja

Harufu ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ikichemka na karanga hunirudisha utotoni mpaka leo. Shangazi, aliyenilea Usinge baada ya mama kufariki, amekuja kunitembelea hapa Ipuli, na tangu jana hana wimbo mwingine.

"Zamani maisha yalikuwa matamu, jamani. Tulikula sinia moja, watoto wana adabu. Siku hizi kila mtu na sahani yake!"

Sinia moja, naam. Mimi ndiye niliyeshika birika na beseni. Niliwanawisha wageni, kisha yeye, kisha wanawe wote, hata yule kitindamimba niliyemzidi miaka. Mkono wa birika ulinikata vidole, na nyuma yangu nilisikia wakitafuna. Zamu yangu ilipofika, yalibaki mabaki ya karanga yaliyoganda pembeni, nikayakomba kwa kucha.

"Mtoto mwenye adabu hula mwisho," shangazi aliniambia siku zile, akicheua.

Basi leo nimempikia michembe nikaipakua kwenye sinia moja, kama anavyopenda. Nikashika birika mwenyewe. Nikaanza na mwanangu mdogo, nikaja kwa ndugu zake, kisha watoto wa jirani, nao wakavamia. Shangazi nilimfikia mwisho. Nikamnawisha kwa heshima zote, taratibu, kidole kimoja kimoja.

Alipogeuka, sinia ilikuwa nyeupe.

"Mwanangu, mbona imeisha?"

"Ndiyo zamani hiyo, shangazi," nikamjibu, nikimpa kitambaa ajifute. "Karibu ukombe."