Mama Mkwe Alipochuma Vilimao Vichanga

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi, mwanangu, mama mkwe wangu amesimama juu ya kigoda uani kwake Nakwa, msumeno mkononi, na mimi chini yake nimeshika tawi la mlimao kwa mikono miwili lisije likaanguka. Wakati huo sikuwa bibi mwenye wajukuu. Nilikuwa binti mbichi kutoka kule juu Mbulu, nimeolewa na Paulo, mwaka wa tatu unakatika, na kiuno changu kilikuwa vilevile kama siku ya harusi.

Ilikuwa miaka ile ya shida. Ninyi mkisikia shida mnafikiri bando limekwisha. Sisi tukisikia duka la ushirika limeletewa sabuni, tuliacha ugali jikoni tukakimbilia foleni. Sukari ilikuwa ya wageni, na wageni wenyewe tuliwaombea wasije. Ndiyo maana mlimao ule ulikuwa mali. Uji usio na sukari ulinyweka kwa limau, masufuria tuliyasugua kwa maganda yake na majivu, na mtu akikohoa, limau.

Paulo alikuwa amepewa kiwanja Bonga, kule barabara ya Dodoma, na tulikuwa tunangoja bati ili tuhamie. Mama mkwe alikataa niende kwenye kiwanja kitupu kisicho na mlimao. Angeweza kunipa mbegu, lakini mlimao wa mbegu unakungojesha miaka. Yeye alijua njia nyingine, aliyojifunza ujanani alipokuwa akilima bustani ya misheni. Mvua zilipoanza alichagua tawi nene kama kidole gumba, akalibandua gome kulizunguka, kipande chenye upana wa vidole viwili, likiwa bado juu ya mti. Akalipaka hapo udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, akalizungushia nailoni ya mfuko wa mbolea, akafunga juu na chini kwa kamba ya katani. Tawi likaendelea kunywa maji ya mti wake huku likiota mizizi yake lenyewe ndani ya nailoni. Kila nilipopita kwenda kuteka maji nililibonyeza kidogo, na kila mara Mama aliniona akanifokea.

Sasa sikia kilichokuwa kinanikondesha. Mashangazi wa Paulo, dada wawili wa marehemu baba mkwe, walikuwa wametuma ujumbe kwamba Jumapili baada ya misa watakuja kuzungumzia nyumba ya Paulo. Nyumba gani, na bati hakuna? Kila mtu alielewa. Walitaka nirudishwe kwetu, au Paulo atafutiwe mwanamke mwingine. Paulo alinipenda, namshukuru kwa hilo, lakini mbele ya shangazi zake alikuwa bubu. Na hapa kwetu, unajua, mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi sikuwa Mama yeyote. Kisimani na kanisani bado waliniita bibi harusi, na walivyolitamka jina hilo lilikuwa limeshageuka dhihaka.

Turudi kwenye tawi letu. Mama alilikata chini kidogo ya lile furushi, akashuka, tukaketi kando ya debe la mafuta ya kupikia lililokatwa nusu. Matundu ya chini nilikuwa nimeyatoboa kwa msumari niliouazima mlangoni, kisha nikaurudisha, maana misumari nayo ilikuwa haipatikani. Akafungua nailoni taratibu. Mizizi! Myeupe, myembamba, imejisokota kila upande. Nilifurahi nikataka kuikung'uta udongo niione vizuri. Mama akanichapa kofi mkononi.

"Wacha! Bado ni laini hiyo, ukiikung'uta inakatika yote. Iweke na udongo wake hivyohivyo."

Tukaliweka tawi ndani ya debe, tukashindilia udongo polepole kwa vidole, akalifunga kwenye kijiti ili upepo usilitikise. Kisha akaanza kuyakata majani nusunusu, akanieleza kwamba mizizi michache namna ile haiwezi kuyanywesha yote.

Hapo ndipo tukasikia hodi. Mashangazi. Walikuwa wameamua kuja siku moja kabla, labda ili watukute tulivyo, na wakatukuta kweli, tope hadi viwikoni.

"Shikamooni," nilisema, nikipiga magoti.

"Marahaba, bibi harusi," alijibu Shangazi Rebeka, yule mkubwa. Kisha akamgeukia Mama. "Wifi, mambo yaliyotuleta unayajua. Hatutazunguka."

"Karibuni mketi," Mama alisema. "Namaliza hapa."

Na hakunyanyuka. Ilinishangaza, kwa sababu mbele ya wifi zake alikuwa kila siku mtu wa kusimama. Yeye pia alikuja ukoo ule kwa kuolewa, na mumewe alishafariki.

Sasa tawi lile, kwa kuwa lilitoka kwenye mti mzima, lilikuja na vilimao vyake, vidogo kama punje za mahindi. Mama akaanza kuvichuma, kimoja kimoja, akivitupa chini. Moyo wangu ulipasuka. Mwenzio nilikuwa nimeshajiona Bonga, mti wangu unazaa mwaka uleule, watu wanaona.

"Mama, tafadhali, niachie hata kimoja."

Shangazi Rebeka naye akaruka. "Wifi, umechanganyikiwa? Miaka hii ya njaa unatupa matunda?"

Mama akachuma cha mwisho. Akajifuta mikono kwenye kanga, akamtazama wifi yake.

"Mti huu nikiuachia matunda sasa hivi, wifi, utakufa nayo. Umehamishwa leo. Kazi yake ni kushika udongo kwanza." Akanionyesha mimi kwa kidevu. "Na huyu mmekuja kumdai. Nilipokuja mimi hapa mlinihesabia miezi. Nililia katika nyumba ile hadi Paulo alipozaliwa, na hata alipozaliwa niliendelea kuogopa. Huyu sitamfanyia hivyo. Akizaa ni mwanangu, asipozaa ni mwanangu. Anayetaka kumrudisha Mbulu anirudishe na mimi kwetu."

Shangazi mdogo alitazama chini. Shangazi Rebeka akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Hukuwahi kutuambia kwamba ulilia."

"Mngenisikiliza?"

Nilikwenda jikoni nikachemsha chai, nikawatilia kijiko cha mwisho cha sukari tuliyokuwa nayo. Walikunywa, wakaulizia mahindi na maharage, wakaaga. Habari ya nyumba ya Paulo haikutajwa siku ile wala siku nyingine.

Jioni nilimwosha Mama miguu kwa maji ya moto na maganda ya limau. Nikamwambia, "Asante, Mama." Nikalia. Akasema, "Asante ya nini, na wewe ndiwe uliyeshika tawi?" Ndivyo alivyokuwa, ukimshukuru anakutania.

Mlimao ulishika. Bati zilipopatikana tulihamia Bonga na debe letu kwenye mkokoteni. Lakini Mama aliugua kifua akafariki kabla mimi sijapata mimba. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa baada ya mazishi yake, na wengine wakafuata. Hakumpakata hata mmoja. Watu huniambia, aliona mbali, alijua utazaa. Hapana, mwanangu. Hakujua. Alinisimamia bila kujua chochote, na kama ningebaki bila mtoto hadi leo, deni langu la shukrani kwake lisingepungua hata kidogo.

Basi nasaha yangu ni hii. Akija mtu mgeni nyumbani mwako, awe mke wa mwanao, mkwe, au mfanyakazi, usimdai matunda upesi. Mpe muda, na umlinde na wanaomdai. Na ukitaka kumtetea mtu, usimtetee chumbani mkiwa wawili tu; mtetee mbele ya wale wale wanaomsema, kwa sauti wanayoisikia. Na uliyeumizwa ulipokuwa mgeni, usimpokeze mwenzako maumivu hayo. Yaishie kwako. Halafu waliokutendea wema washukuru mapema, hata wakikutania. Mimi namshukuru Mungu kwamba asante yangu ilimkuta Mama bado anasikia.

Mungu akupe mtu wa kukusemea siku utakayoshindwa kujisemea. Na siku mwingine atakapokuwa amepiga magoti mbele ya wakubwa, hana neno, Mungu akupe wewe ujasiri wa kubaki umeketi na kusema, huyu ni wangu.