Hereni Zilizonuka Ndama

Esnah ndiye aliyeanza. Aliinua pua, akaacha kusugua shanga, akauliza ni nani huyo anayechoma ndama pembe zisiote saa hizi na mvua iko njiani. Dorine akacheka. Ndama wa nani tena? Wa jirani alichomwa mwezi uliopita, na wake mwenyewe, naye alishachomwa, alikuwa nyuma ya jikoni anatafuna kamba yake. Kisha akainamia hereni aliyokuwa ameishika kwa koleo, akainusa. Harufu ilikuwa inatoka mkononi mwake.

Kwa wasiomjua, Dorine Chepkemboi ni mama wa Kabianga, upande ule ambako vishamba vya chai vinateremka mpaka mtoni. Alichuma chai ya kampuni tangu usichana wake, hadi mashine za kuchuma zilipoletwa na wanawake wakaambiwa asanteni, rudini nyumbani. Asanteni! Mtu amekupa mgongo wake miaka yote hiyo, wewe unamlipa asante. Alirudi na hasira na vidole vyepesi, na hasira haijawahi kulisha mtoto. Baadaye akapata kumuuguza mama yake katika hospitali ya Longisa, na kando ya kitanda cha pili palikuwa na mwanamke wa bonde la Baringo, naye anauguza, amekaa anachonga kitu cheupe kwa kisu kidogo. Dorine alidhani ni mfupa. Yule mama akamwambia ni koma, tunda la mkoma: watoto hutafuna nyama yake tamu ya nje, na ndani hubaki kokwa gumu, jeupe, ambalo likisuguliwa vizuri mtu ataapa ni pembe ya ndovu. Siku mama yake aliporuhusiwa kwenda nyumbani, Dorine alikuwa ameshajua kuchonga.

Sasa ana kibanda cha mabati kando ya nyumba. Ana Esnah, jirani aliyefika huku kutoka Kisii na mume wake, mwanamke ambaye mdomo wake haulali hata akilala. Na ana alama. Nyuma ya kila hereni huchoma vitone vitatu kwa msumari mwembamba uliopashwa moto kwenye jiko: majani mawili na chipukizi, vile chai inavyochumwa. Maana ya alama hiyo ni moja tu, kwamba hakuna ndovu aliyekufa kwa ajili ya hii. Wanunuzi wa mbali huigeuza hereni na kutafuta vitone kabla ya kuuliza bei. Na koma ikiguswa na moto hunukia mahindi ya kuchoma. Siku ya alama kibanda kizima hunukia hivyo, mpaka wapita njia huuliza kama kuna la kuonja.

Leo hayakuwa mahindi. Hereni ile ilitoka kwenye mfuko alioleta Aron, na Aron ameletwa na Kimutai, mdogo wake Dorine wa tumbo moja, yule anayemletea magunia ya koma. Aron ni mfanyabiashara wa Kericho mjini, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi pia. Alisema ana mzigo wa kupeleka ng'ambo, karatasi zimeshaandikwa kwamba ni vito vya mmea, lakini oda ni kubwa kuliko mikono ya wanawake wawili. Kwa hiyo mafundi wengine upande wa Soin wamesaidia kuchonga. Yeye Dorine aweke alama tu, basi. Dorine alisita, kwa sababu hakupenda alama yake ikae juu ya kazi ambayo hakuiona ikifanywa. Kimutai akamvuta kando akamwambia, dada, huyu mtu nimemleta mimi, ukikataa utaniaibisha. Akakubali. Mtu akiombwa na mdogo wake, hata moyo ukigoma, mdomo husema sawa.

Sasa Dorine akatoa hereni nyingine kwenye mfuko huo na kuigusa kwa msumari, kisha ya tatu. Harufu ni ile ile, ya ngozi na kwato na nywele zinazoungua. Akachukua moja aliyoichonga mwenyewe, akaichoma, na mahindi yakanukia. Akarudi kwenye za Aron, na ndama akarudi. Esnah akanong'ona kwamba hizi si koma, Dorine, hizi ni za mnyama.

Dorine aliogopa, na aliogopa kweli. Alijua alichokishika. Mwanzoni kabisa, alipoanza kuuza, kuna mtu alimchongea kwamba anafanya biashara ya pembe za ndovu, na afisa wa wanyamapori akaja, mwanamke mrefu anayeitwa Akello. Akello alikagua, akanusa, akacheka, akanunua hata shanga za shingo. Lakini kabla ya kuondoka alimwambia bila mchezo kwamba mtu akikutwa na pembe ya ndovu, hata kipande cha ukubwa wa kucha, hatasikilizwa akisema alipewa, ni jela, tena jela ya kuzeekea. Akamwachia namba ya simu. Na sasa mfuko mzima ulikuwa juu ya meza ya Dorine, na vitone vya Dorine vimeshaanza kuchomwa juu yake. Ndipo alipoelewa kwa nini Aron hajataka kuingia kibandani tangu afike, ati moshi unamuumiza macho.

Aron mwenyewe alikuwa barazani na Kimutai, hatua chache tu kutoka dirishani, wanakunywa chai. Gari lake lilikuwa langoni limeelekezwa barabarani.

Esnah alitaka wapige simu hapo hapo. Dorine akamshika mkono. Kuna jambo moja alitaka kulijua kwanza, na hilo lilimtesa kuliko jela. Je, Kimutai anajua? Huyu Kimutai ni yeye Dorine aliyembeba mgongoni akienda naye kuteka maji, akampigania shuleni, akamlipia hata ada alipokuwa anachuma chai. Kama amedanganywa, basi wamedanganywa wote wawili, na watasimama pamoja. Na kama anajua, je? Dorine hakuweza kulimaliza wazo hilo. Lakini njia ya kupata jibu alikuwa nayo, na ilikuwa rahisi mno. Kijiji kizima, ndama akifikisha umri wa kuchomwa pembe, anayeitwa ni Kimutai. Ndiyo kazi yake tangu ujana, ana chuma chake na mkono wake hautetemeki. Hakuna pua katika Kabianga nzima inayoijua harufu ile kuliko pua ya Kimutai.

Akamwita kwa sauti ya kawaida, aje ampulizie jiko, makaa yamelegea. Kimutai akaingia akiinama mlangoni, kikombe mkononi, akamtania Esnah kwamba leo amenyamaza kama mtu anayedaiwa. Esnah akajitia hamnazo, akaendelea kusugua shanga ile ile. Dorine alichukua hereni kutoka mfuko wa Aron, akausubiri msumari uwe mwekundu, akachoma vitone vyote vitatu polepole, moshi ukapanda katikati yao. Hakuitazama hereni. Alimtazama mdogo wake usoni.

Kimutai hakushtuka. Hakukunja hata pua.

"Kimutai," Dorine akasema, "unasikia harufu gani?"

"Harufu? Sisikii kitu, dada. Ni ile ya kila siku."

Hapo Dorine akajua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na siku zote alidhani ni msemo wa kuwatisha watoto. Siku ile ya kufukuzwa kwenye chai hakulia, lakini sasa machozi yalimjaa akayameza. Alimkumbusha kwa upole kwamba huyu ndama aliye nyuma ya jikoni ni yeye Kimutai aliyemchoma, na siku hiyo alijifunga kitambaa puani kwa sababu ya harufu, tena akalalamika mpaka jioni. Kimutai akatazama chini. Akasema maneno mengi kwa haraka. Aron amemwahidi gari la kubebea maziwa. Ndovu mwenyewe alishakufa, hakuuawa na mtu wa hapa. Ni mara moja tu, leo mzigo unaondoka na hautarudi tena.

"Mzigo hautarudi," Dorine akamjibu. "Lakini jina langu litakuwa limekwenda nao. Kila aliyewahi kuvaa kazi yangu atakuwa amevaa mzoga."

Nje Aron aliita kwa adabu kwamba mama, mvua inakuja, hiyo barabara yenu ikilowa hatutatoka. Dorine akajibu kuwa zimebaki chache. Kisha akaichukua simu yake akaiweka mezani kati yake na Kimutai, na akashusha sauti.

"Sikia. Nampigia Akello sasa hivi. Wewe ukitaka, toka umwambie Aron, ingieni kwenye gari mwende zenu. Mtakuwa mmefika mbali kabla watu wake hawajatoka mjini. Mfuko utabaki hapa, na mimi nitabaki nao, na unajua atakayekutwa na mfuko anafanywa nini. Siwezi kukushika, Kimutai. Umekuwa mtu mzima."

Kimutai alisimama, ameduwaa na kikombe chake. Kisha akatoka.

Esnah alisali kwa Ekegusii, lugha ya kwao, midomo inacheza. Dorine alisogea dirishani, akasimama pembeni asionekane, akasubiri kusikia mlango wa gari. Hicho ndicho alichokuwa anakisubiri, haki ya Mungu, hakuwa na tumaini lingine. Tone la kwanza likagonga bati, kisha mengine. Akasikia kiti kikikwaruza sakafu ya baraza. Akasikia Aron akiuliza kama bado.

"Kaa, Aron," ilikuwa sauti ya Kimutai. "Dada amebakisha kidogo tu. Na mvua ndiyo hii imeanza, wacha ipungue. Leta kikombe nikuongezee chai."

Kifuniko cha chupa ya chai kikafunguliwa. Dorine akashika ukuta wa mabati kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akabonyeza simu. Akello aliitikia mara moja. Dorine akamweleza alicho nacho na mahali alipo, kwa maneno machache, na Akello akamuuliza wako wangapi.

"Wako wawili," Dorine akasema. "Mmoja ni ndugu yangu wa tumbo moja. Ndiye anayemzuia mwenzake kwa chai mpaka mfike."

Kusubiri ndiko kulikomwua. Mvua ilimwagika, halafu ikageuka mvua ya mawe, ikapigapiga chai yote ya mteremkoni, na kila alipodhani amesikia gari ikawa ni bati tu. Ili Aron asione kazi imesimama, alizichoma hereni zake mwenyewe, za koma, moja baada ya nyingine, hata zile ambazo zilikuwa na alama tayari, moshi wa mahindi ukatoka dirishani kuelekea barazani. Esnah alisugua bila kujua anasugua nini. Mara moja Aron alikuja hadi mlangoni, maji yanamchuruzika begani, Kimutai nyuma yake. Aliitazama meza, akautazama mfuko. Akamtazama Dorine usoni kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Dorine aliinua koleo akamwonyesha hereni yenye vitone vitatu, akasema kazi nzuri haitaki haraka. Kimutai akamgusa Aron kiwiko, akamwambia arudi, huku kuna moshi, si alisema unamuumiza macho. Aron akarudi.

Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu tu Akello na askari wake walipofika. Waliliacha gari lao barabarani wakaja kwa miguu kupitia katikati ya michai, na Aron hakuwaona mpaka walipokuwa wamezunguka baraza. Alianza kusema mara moja, kwa yale maneno yake yaliyopigwa pasi. Yeye ni mnunuzi tu, alisema, mzigo ni wa huyu mama, tazameni, alama ni yake. Kimutai aliweka kikombe chake chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga.

Akello aliingia kibandani, akachukua hereni moja ya mfukoni, akaomba msumari. Dorine akampa. Moshi ukapanda, na askari wawili waliokuwa mlangoni wakageuza nyuso zao pembeni. Akello akawaleta watu wote wawili karibu na jiko. Akamuuliza Aron anasikia harufu gani, na Aron akasema ana mafua. Kisha akamgeukia Kimutai na kumuuliza swali lile lile.

Kimutai alimtazama dada yake kwanza.

"Ni harufu ya ndama akichomwa," akasema. "Niliisikia, afisa. Na nilijua ni pembe tangu siku ya kwanza."

Dorine akachukua leso yake begani, akampangusa mdogo wake maji ya mvua usoni kabla hawajamfunga pingu.