Mama Spesiosa Kwenye Kizuizi

Asubuhi ile tulikuwa tunapura maharagwe uani kwa Mama Spesiosa, jirani yetu. Kama kawaida alikuwa na lake: mwanamke naye arithi shamba, mwanamke naye aseme mkutanoni. Kila alipoanza, sisi wasichana tulilia kama kuku anayetaka kutaga, kwa sababu kwetu Burundi wanasema kuku jike hawiki jogoo akiwepo. Mimi ndiye niliyelia kwa sauti kuliko wote. Yeye alicheka tu, akaendelea kupura.

Mchana tukasikia risasi ng'ambo ya mto. Maharagwe tukayaacha pale pale juu ya mkeka.

Tuliondoka familia tatu, baba yangu mbele. Kabla ya kufika barabara ya lami tukakuta gogo limelazwa njiani, na wanaume wenye mapanga. Mmoja alikuwa na bunduki. Akauliza tunakwenda wapi.

Wanaume wetu walinyamaza. Baba alitazama chini.

"Tunakwenda kuzika," Mama Spesiosa akasema, ingawa hatukuwa na msiba. "Na nyinyi mna mama zenu. Siku yao ya kuzikwa ikifika, nani atawapisha?"

Mwenye bunduki akamnyooshea kidole.

"Piteni. Huyu mwenye mdomo abaki."

Tukapita.

Hatukumwona tena.

Siku hizi tunakaa Alby, nchi ya Waswidi. Kila watu wetu wanapokusanyika baada ya ibada kule Norsborg, Baba husimulia habari za kizuizi kile, na katika hadithi yake aliyesema ni yeye. Watu humshika mkono, wengine hulia. Mimi hugawa chai. Mzazi hakosolewi mbele za watu, najiambia, huku uso ukiniwaka kwa aibu.

Wiki iliyopita binti yangu Divine alirudi na kazi ya shule. Alikuwa amesoma habari za mwanamke wa Marekani, zamani za utumwa, aliyezunguka mji kwa mji akihutubia: watumwa waachiwe, wanawake wapige kura. Walimzomea, wakamrushia mayai mabovu, naye hakunyamaza. Mwalimu anataka kila mwanafunzi aongeze mtu wa kwao aliyethubutu kusema.

"Nitamwandika Babu," Divine akasema kwa Kiswidi, lugha anayotujibu nayo siku zote. "Vile alivyosema kwenye kizuizi."

Baba alikuwa pale mezani na kikombe chake. Akatazama chini, vile vile kama siku ile.

"Siyo Babu," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo. "Ni Mama Spesiosa." Nikamweleza yote, hata ile milio yetu ya kuku.

Nilidhani Baba atainuka aondoke. Alikisogeza tu kikombe.

"Mwandike huyo, mjukuu wangu," akasema. "Mimi sikufungua mdomo."

Divine akashika kalamu, halafu akasita.

"Na waliposema abaki, nyinyi mlifanya nini?"

Nilimtazama Baba.

"Tuliendelea kutembea," nikasema.