Filimbi ya marehemu iligoma kunyamaza Kisarawe

Wakuu, heshima kwenu. Mtakaosema hii ni chai, ruksa. Mimi nilikuwepo.

Napiga gitaa kwenye kwaya moja ya Kongowe, Kibaha. Mwenzetu Elia alifariki. Mkewe, dada Neema, akaomba gitaa la mumewe lilie kwenye ibada ya kuweka msalaba kaburini, kwao Kisarawe.

Si gitaa la kawaida. Pickup yake, kinasa sauti cha chini ya nyuzi, inapeleka mlio wa kila uzi kwenye boksi la synth, mashine inayougeuza kuwa sauti ya chombo kingine. Ukigusa uzi, inatoka filimbi.

Asubuhi tukafunga vyombo uani, ukungu ungali umekalia vilima. Noti zilichelewa, nyingine zikajirudia. Nikapunguza sensitivity, yaani wepesi wa kunasa mguso, uzi kwa uzi, ikatulia.

Julius, mpiga kinanda wetu, akawasha biti.

Filimbi ikalia. Mikono yangu ilikuwa mfukoni.

Ilipiga kipande, ikanyamaza kama inayomsikiliza mtu, ikaendelea. Nikachomoa gitaa. Bado ikaendelea.

"Zimeni hilo dude!" alifoka baba mkubwa wa marehemu. "Mtoto hajapumzika!"

Nikafuata nyaya. Waya wa MIDI, ule unaopeleka amri za noti, ulitoka kwenye kinanda kuingia kwenye synth. Kinanda ni cha kwaya, Elia alikifanyia mazoezi, na sisi hatunaga tabia ya kufuta memory. Noti alizorekodi zilikuwa bado humo, kwenye sequencer ya kinanda. Biti ikiwaka, nazo zinaamka.

Nikachomoa waya. Kimya.

"Nifute?" Julius akauliza.

"Ukifuta, ubwabwa wangu huli," Neema akasema, akijaribu kucheka. "Pale anaponyamaza ni pangu. Alikuwa ananiachia niimbe. Tangu tumzike sijaweza kuimba."

Akamgeukia mzee. "Shikamoo baba. Niachie mara moja tu."

Mzee akatazama chini. "Marahaba. Mara moja."

Kaburini nikarudisha waya. Filimbi ikapiga, ikanyamaza, Neema akaingia. Ubeti wa pili sauti ikamkatika, akalia.

Wakuu, mashine haijui kusubiri. Biti ilikwenda, zamu ya filimbi ikafika, ikapita. Haikulia.

Neema akajikaza, akamaliza mstari wake. Ndipo ikaingia, taratibu.

Nilimtazama Julius. Alikuwa ameinua mikono yote miwili juu.

Nilichojifunza: kabla ya kulaumu gitaa au pepo, chomoa nyaya za MIDI moja moja. Na kabla ya kufuta memory, waulize wenye mtu wao.

Wajuzi wa sequencer, hiyo ya kusubiri mnaielezaje? Neema hajauliza. Jumapili iliyopita alisimama tena na masoprano, akaimba.